Uhodari wa Mchezaji na Upungufu wa Mswada

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii imetumiwa kwa muda mrefu kuwatia moyo wasanii wetu, nasi hatuna ugomvi nayo. Anayecheza vizuri mbele ya jamaa zake astahili kutunzwa. Lakini methali yenyewe yanyamaza juu ya jambo moja: haisemi mchezo aliocheza ulikuwa mchezo gani, wala ni nani aliyeutunga. Je, mchezaji hodari akipewa mchezo dhaifu, akaucheza kwa nguvu zake zote hata watu wakacheka na kulia, tumtunze kwa lipi? Na sisi tuliocheka na kulia, tumepata nini? Katika makala haya tutajaribu kulichunguza swali hilo kwa kuzitazama sinema za mapenzi, zile zenye kuchekesha na kuliza kwa pamoja, ambazo vijana wetu wanazipenda mno. Na tutalichunguza huku watu wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wakiwa mbele ya macho yetu.

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Miaka michache iliyopita tulialikwa kuwa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule za sekondari wilayani Tarime. Kundi moja lilileta mchezo ambao asili yake tuliitambua mara moja: uliundwa kwa kufuata sinema za video ambazo vijana wa Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu wamezitazama tangu utotoni. Kijana anafika kutoka Dar es Salaam na gari la kuazima. Anampenda binti. Baba wa binti anataka ng'ombe. Kijana anadanganya mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila uongo unapofichuka mlinzi wa geti anaingia kuchekesha. Binti anapigwa na baba yake, anafedheheshwa na mchumba wake mbele ya watu, kisha katika onyesho la mwisho anamsamehe, na ngoma ya arusi inalia.

Msichana aliyecheza nafasi ya binti alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hakupiga mayowe kama wafanyavyo wanaoanza kuigiza. Alisimama ameshika ukingo wa meza, akaanza kusema neno, akalikata katikati, na ukumbi wote ukanyamaza pamoja naye, hata watoto waliokuwa wakichungulia madirishani. Sisi waamuzi hatukuhitaji kushauriana sana. Tulimpa alama za juu kuliko zote, kundi lake likapata ushindi wa kwanza, tukatia sahihi zetu.

Watu walipokuwa wakitawanyika msichana huyo alikuja kutuamkia. Tukaitikia shikamoo yake, tukamwambia, "Binti, leo umewaliza wazee. Hebu tufahamishe jambo moja: yule msichana alimsamehe mchumba wake kwa sababu gani?" Akatafakari kidogo, kama mtu anayetafuta jibu mahali ambapo hakuwahi kutazama. Kisha akajibu kwa adabu, "Sijui, Mzee. Mchezo ulikuwa umefika mwisho."

Jibu hilo lilitufuata njiani mpaka nyumbani. Tulikuwa tumetoa tuzo kwa msamaha usio na sababu, na tulifanya hivyo kwa kuwa aliyeuigiza alikuwa hodari.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Kwa mswada twakusudia mpango mzima wa mchezo au sinema kama ulivyotungwa kabla ya kuchezwa: nani yumo, anataka nini, anazuiwa na nini, anasema nini, na tendo moja linazaa tendo gani. Mswada dhaifu si lazima uwe na lugha mbaya. Waweza kuwa na maneno matamu na mavazi ya kupendeza. Udhaifu wake uko hapa: watu waliomo hutenda bila sababu iliyo yao. Binti husamehe kwa kuwa dakika zimekwisha. Baba hubadili moyo kwa kuwa ni lazima arusi ifungwe. Tajiri huwa mwovu kwa kuwa ni tajiri. Mtu katika mswada wa namna hiyo hawi mtu, bali huwa kete inayosukumwa juu ya bao na mkono wa mwingine.

Katika jadi zetu tatizo hili halikuwa na sura lililo nayo leo, kwa sababu mtunzi na mtendaji aghalabu walikuwa mtu mmoja. Mpigaji wa iritungu miongoni mwa Wakurya, akiwa na kinanda chake kikubwa cha nyuzi nane kilichowambwa ngozi, hakungojea mtu mwingine amwandikie. Alitunga, akapiga, akaimba, na waliomsikiliza walikuwa watu waliowafahamu wale aliowataja. Akimsifu mtu kwa ukarimu asio nao, wasikilizaji walijua. Kadhalika katika iritongo, yaani mkutano wa hadhara wa Wakurya wa kujadili mambo ya jamii, msemaji alipimwa kwa sauti yake na kwa hoja yake pia. Hatudai kwamba kila lililoamuliwa humo lilikuwa haki. Twajua kwamba wanawake na vijana hawakuwa na sauti sawa na ya wazee. Twasema tu kwamba anayesema alitakiwa awe na neno la kusema, na kwamba neno hilo liliweza kujibiwa pale pale.

Sinema ilipokuja ilitenganisha kazi hizo mbili. Sasa mmoja anatunga, mwingine anacheza, wa tatu anaongoza, wa nne anapiga picha, na mtazamaji yuko mbali, hawezi kumjibu yeyote. Historia yetu fupi ya sinema yaweza kutuonyesha yaliyofuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iligharimia filamu za Kiswahili zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini. Mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu, nayo ilikuwa ya kuchekesha. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Filamu kama hizo zilitakiwa zivutie watu, lakini zilitakiwa pia ziwafundishe wananchi yale ambayo watawala walitaka wayafahamu. Mcheshi aliruhusiwa kuchekesha maadamu mwisho wa hadithi unakubaliana na mwenye kulipa. Kawawa alikuwa na kipaji, na watu walimpenda. Lakini tuzo yake kubwa hakuipatia katika filamu. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa nchi iliyokwisha kujitawala. Mtu aliyecheza ndani ya hadithi iliyopangwa na utawala wa wengine alikuja kuwa mmoja wa watunzi wa hadithi ya taifa zima. Kipaji kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na usemi katika kile alichokitenda.

Mwaka huo huo wa 1962 ilitoka Marekani sinema iliyopewa jina la Kiswahili: Hatari! Ilikuwa imepigwa katika nchi yetu, upande wa Arusha na mbuga za kaskazini, ikaongozwa na Howard Hawks, na wachezaji wake wakuu walikuwa John Wayne na Elsa Martinelli. Ni sinema ya mapenzi, vichekesho na mikasa: mwanamke mpiga picha anafika katika kambi ya wakamataji wa wanyama, anampenda mkuu wa kambi, na watoto wa tembo wanamfuata kila aendako. Wachezaji wenyewe wanaonekana wakiwakimbiza vifaru na twiga kwa magari, na vumbi lile ni vumbi la kweli. Lakini hadithi yenyewe ilikuwa ikiendelea kuundwa huku picha zikipigwa, na mtazamaji anaihisi hali hiyo: baada ya mnyama mmoja huja mnyama mwingine, na mapenzi hupewa nafasi pale magari yanapopumzika. Na wananchi wa nchi iliyoipa sinema hiyo ardhi, wanyama na hata jina, wamepewa maneno machache sana ya kusema. Wamekuwa sehemu ya mandhari. Desemba mwaka huo huo, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa. Yafaa tuyaweke mambo hayo mawili mahali pamoja. Taifa lisilotunga laweza kuonekana katika picha nzuri sana bila ya kusema neno.

Baadaye tulipata watunzi wetu. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, na miaka ya 1970 Penina Muhando alitoa michezo kama Hatia. Tamthilia hizo zilisomwa mashuleni kwa sababu watu waliomo wana nia, wana hofu na wana makosa yaliyo yao. Hata hivyo, sinema za video zilipoanza kuenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazikuchipuka kutoka katika tamthilia hizo. Zilichipuka kwa sehemu kubwa kutoka katika vikundi vya maigizo ya televisheni, kama Kaole Sanaa Group, ambavyo navyo vilirithi desturi ya vichekesho vya jukwaani. Katika desturi hiyo wachezaji huelezwa kisa kwa ufupi, kisha hubuni maneno papo kwa papo. Katika njia hiyo walipita wachezaji wenye uwezo mkubwa. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyetoka Kaole na aliyecheza katika Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 pamoja na wachezaji wa Nijeria, alipofariki dunia tarehe 7 Aprili 2012 alizikwa na umati uliofurika Dar es Salaam. Watu hawamlilii hivyo mtu asiyewagusa.

Hapa twapaswa kuwa waangalifu, kwa maana mtu aweza kutupinga akisema: "Kama wachezaji walibuni maneno yao wenyewe, basi wao ndio watunzi, kama mpigaji wa iritungu. Mwawalaumu kwa lipi?" Pingamizi hili ni zito. Tazama marehemu Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana nchini kote kwa jina la King Majuto na aliyefariki Agosti 2018. Aliweza kuingia katika onyesho lisilo na chochote, akavuta shingo, akamwangalia mwenziwe kwa jicho la pembeni, na watu wakacheka kabla hajatamka neno. Je, mswada ungemwongezea nini?

Jibu letu ni kwamba kichekesho na mapenzi havina mahitaji sawa. Kichekesho chaweza kuishi katika dakika yake. Kikishachekesha kimekwisha kazi, na dakika ifuatayo yaweza kuanza upya. Mapenzi hayawezi. Mapenzi huishi kwa ahadi, na ahadi ni neno la jana linalomfunga mtu leo. Binti aliyedanganywa katika onyesho la tatu hawezi kufika katika onyesho la tisa kana kwamba hakudanganywa, isipokuwa pawe na jambo lililotokea kati yake: toba, hasira iliyotulizwa, hesabu aliyoipiga moyoni mwake. Mchezaji anayebuni papo kwa papo aweza kuipata dakika yenye machozi ya kweli. Lakini kukumbuka kwa niaba ya watu wote, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kazi ya mtunzi. Ndiyo sababu katika sinema hizi sehemu ya vichekesho mara nyingi husimama imara na sehemu ya mapenzi huyumba. Na hapo ndipo mchezaji hodari anapoitwa aje aufunike ufa kwa machozi yake.

Sasa twafika kwenye kiini cha hoja yetu. Watu wengi husema, "Hadithi ilikuwa dhaifu, lakini wachezaji wameiokoa." Sisi twaona kwamba uhodari wa mchezaji hauuokoi mswada dhaifu, huuficha. Na uongo uliofichwa vizuri hudhuru zaidi ya uongo ulio wazi. Mchezaji dhaifu katika mswada dhaifu hamdanganyi mtu: watazamaji huguna wakaondoka. Bali mchezaji hodari huyapa maneno yasiyo ya kweli damu na pumzi, hata yakaaminiwa. Tutatoa mifano miwili kutoka katika mchezo ule ule wa Tarime.

Mfano wa kwanza ni wa yule mlinzi wa geti. Katika vichekesho vya nchi yetu, Mkurya amepewa nafasi moja inayorudiwarudiwa: ni mlinzi au askari, mwenye hasira za haraka, anayegeuza kila "l" kuwa "r", na ambaye jibu lake kwa kila swali ni panga. Kijana aliyemwigiza mlinzi katika mashindano yale alikuwa Mkurya mwenyewe, nao watazamaji wengi walikuwa Wakurya. Alichekesha mno, nasi tulicheka. Lakini tulipotega sikio vizuri tuligundua kwamba lafudhi ile hakuitoa kwa babu yake. Aliitoa katika sinema. Alikuwa akiiga watu wa mjini wanavyowaiga wazee wake. Wachezaji hodari wa mbali walikuwa wameifanya picha ile kuwa hai kiasi kwamba mwenye uso wake alikubali kuichukua na kuivaa. Hatusemi kwamba watu wasitaniwe. Utani ni sehemu ya undugu wetu, na makabila yetu yameishi kwa kutaniana. Lakini mtani humjua anayemtania, naye hujibiwa. Mlinzi wa sinema hana mke, hana deni, hana mtoto shuleni, wala hapewi nafasi ya kumjibu mtu. Kijana yule angaliweza kumcheza mzee wa Nyamwaga anayekesha lindoni Dar es Salaam huku akihesabu siku za kurudi kuvuna mahindi yake, na bado akatuchekesha. Hakupewa sababu za mtu huyo, nasi hatukuzidai.

Mfano wa pili ni wa binti. Katika wilaya hizi mbili suala la mahari ya ng'ombe, na la nani anayemwoza nani, si pambo la hadithi. Wako wasichana wanaojua maana ya kuingizwa katika mchezo uliotungwa na wengine: siku imepangwa, ng'ombe wamehesabiwa, na linalotakiwa kwao ni kucheza vizuri nafasi waliyopewa. Wengine hupitishwa kwanza katika ukeketaji, jambo ambalo sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ililifanya kuwa kosa la jinai likitendwa kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya sheria hiyo vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vilikuwa kinyume cha Katiba. Na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Basi tazama ajabu hii: sheria humwuliza binti kama anataka, lakini sinema ya mapenzi, ambayo kazi yake yote ni kusimulia habari za kutaka, haimwulizi. Humliza, humpamba, humcheza ngoma, ikamfikisha arusini bila ya kumwuliza. Na kadiri anayemwigiza alivyo hodari, ndivyo watazamaji wanavyosahau kwamba hakuulizwa.

Mtu asituelewe kwamba twataka sinema ziwe hotuba. Mswada wenye nguvu hauhubiri. Tena maisha ya watu wa Mara yana mikasa ambayo mtunzi wa mjini hajaibuni bado. Iko desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mwenye mali asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine kwa mahari, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Humo mna kicheko, mna wivu, mna huruma ya bibi na mkwe, na mna dhuluma pia pale aliyeolewa anapokuwa mtoto wa maskini asiye na la kusema. Mtunzi atakayeuandika mkasa huo atalazimika kujiuliza juu ya kila mmoja: mwenye ng'ombe anaogopa nini? Msichana anatarajia nini? Mwanamume anayeletwa anajionaje? Akiyajibu maswali hayo kwa haki, hata mchezaji wa kawaida ataonekana hodari, kwa maana ana mahali pa kusimama.

Ushahidi wa jambo hili tunao. Mwaka 2018 ilionyeshwa filamu ya maisha halisi iitwayo In the Name of Your Daughter, iliyoongozwa na Giselle Portenier wa Kanada, kuhusu wasichana wa Serengeti wanaokimbia ukeketaji na kuingia katika nyumba salama ya Mugumu, iliyokuwa ikiongozwa na Rhobi Samwelly. Wasichana wale hawakusomea uigizaji. Lakini kila mmoja ana sababu ya kila hatua aliyoichukua usiku ule alipotoka kwao, na ameilipia kwa kuachana na mama na ndugu. Mtazamaji haulizi kama wamecheza vizuri. Sababu imekwisha kufanya kazi ambayo uhodari peke yake hauwezi kuifanya.

Je, lawama yote ni ya mtunzi? La. Mchezaji naye ana wajibu. Tumeuliza nani aliandika, lakini anayelisema neno kwa kinywa chake amekwisha kulifanya kuwa lake mbele ya wanaomsikia. Uhodari kamili, kwa maoni yetu, ni pamoja na kumgeukia mtunzi kabla ya pazia kufunguliwa na kumwuliza, "Huyu mtu ninayemcheza anatenda hivi kwa nini?" Na jambo hili halihusu jukwaa peke yake. Sisi tuliotumikia ofisi za umma twajua ilivyo rahisi kuusoma waraka mbele ya wananchi kwa sauti iliyonyooka, tukasifiwa kwa ufasaha, ilhali hatukuwa tumeuliza maana ya tulilolisoma. Tumewahi kufanya hivyo, na tulipigiwa makofi. Mwalimu aweza kufundisha vizuri somo asiloliamini, na mzazi aweza kuendesha kwa heshima zote sherehe ambayo moyoni anajua itamwumiza mwanawe. Wote hao ni wachezaji hodari. Swali la kimaadili ni lile lile: ustadi wa kutenda haumwondolei mtu wajibu wa kujua anachokitenda.

Kwa walimu wa sekondari twapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kwanza, mchezo uandikwe kabla ya kuchezwa, hata kama ni katika daftari la kawaida, na wanafunzi waruhusiwe kuubadili wakati wa mazoezi. Kubuni papo kwa papo kuje baada ya kujua, kusichukue mahali pa kujua. Pili, kila mchezaji aandike sentensi tatu kwa kinywa cha mtu anayemcheza: ninataka nini, ninaogopa nini, nimebadilishwa na nini. Asiyeweza kuziandika arudi kwa mtunzi, na mtunzi asiyeweza kumjibu arudi kwenye daftari. Tatu, wanafunzi waende kwa wazee na kina mama wa vijijini mwao wakasikilize namna watu wanavyosema hasa, kwa lafudhi iliyo yao, wasiitoe kwenye video. Na kwa waamuzi wenzetu twasema: tusitoe alama kwa machozi peke yake. Karatasi ya alama iwe na mahali pa sauti, mahali pa mwendo, na mahali pa sababu.

Twajua kwamba mwanafunzi atakayesoma makala haya aweza kusema kwamba wazee wanataka kumnyang'anya furaha ya Jumamosi. La hasha. Atazame sinema zake, acheke na alie. Kisha akiwa njiani anarudi nyumbani amwulize mwenzake swali moja tu juu ya yule binti: alisamehe kwa nini? Wakipata jibu ndani ya sinema, wamepata sanaa. Wasipolipata, basi wajue kwamba waliyemwona ni mchezaji mwema aliyeachwa peke yake na mtunzi wake.

Nasi tuna deni. Msichana yule wa kidato cha tatu alituheshimu kwa jibu la kweli, na jibu hilo lilikuwa na maana kuliko mchezo wote. Tulipaswa kumwambia pale pale kwamba mchezo haujafika mwisho mpaka yeye aridhike na sababu. Kwamba aliruhusiwa kusimama pale penye ukingo wa meza, ngoma ya arusi ikilia nje, na asitoke. Hatukumwambia. Tulimpongeza, tukaagana naye, tukapanda gari.

Tukialikwa tena kuamua mashindano ya wilaya hizi tutaliuliza swali hilo kabla ya kutia sahihi, wala si baada yake.